Usiliulize Jani: Jinsi Mwerebi wa Kwetu Unavyotambuliwa

Kijiti cha mwerebi kinene kama kidole gumba hakihitaji kubembelezwa. Kichomeke kwenye tope la ukingo wa mto mvua ndefu zinapoanza, na baada ya majuma machache kitakuwa kimeshika mizizi. Sifa hiyo ndiyo inayowafanya watu wa uhifadhi waupende mti huu, na ndiyo hiyo hiyo inayolifanya suala la kuutambua liwe zito, kwa sababu kijiti cha mwerebi usio wenyewe nacho hushika vivyo hivyo, bila kulalamika. Hapa Eldoret suala hili si la vitabuni. Mto Sosiani unashuka kutoka upande wa Kaptagat, unapita katikati ya mji, kisha unaingia Kipkaren na kuelekea Nzoia hadi Ziwa Victoria. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi na shughuli nyingine za maendeleo ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni. Mwaka 2009 wizara ya mazingira, ikiongozwa na marehemu John Michuki, ilitaka mikaratusi ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Sasa serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mwenye shamba la mtoni anaambiwa aondoe mkaratusi na apande mti wa kienyeji unaopenda maji. Mwerebi wa kienyeji upo, nao umekuwepo kwenye kingo za mito ya nyanda zetu za juu tangu kabla ya ramani yoyote ya koloni. Lakini anayeutafuta kwa kulitazama jani ana nafasi kubwa ya kurudi na mti mwingine. Hoja yangu ni kwamba jani ndilo shahidi dhaifu kuliko wote katika kesi hii, na kwamba utambuzi wa kuaminika unapatikana mahali ambapo wengi hawaangalii: kwenye jicho la tawi, ndani ya ua dume, na kwenye kikonyo cha tunda.

Tuanze na miti yenyewe. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na jina mierebi, hata kama hajawahi kuonyeshwa mti wenyewe. Katika nyanda zetu jina hilo linaweza kuangukia mimea miwili. Wa kwanza ni wa kienyeji, ambao vitabu vya mimea vya Kenya vimeuita kwa muda mrefu Salix subserrata. Ni kichaka au mti mdogo wenye mashina mengi, hukaa miguu majini, na matawi yake machanga mara nyingi yana wekundu. Wa pili ni mwerebi wa bustani, ule unaoning'iniza matawi kama nywele zilizofunguliwa, Salix babylonica au machotara yake, ambao asili yake ni China. Ukiviona vielelezo viwili vilivyokomaa, kimoja kimesimama na kingine kimeinama, utasema tofauti iko wazi. Tatizo ni kwamba mtoni hakuna anayekupa vielelezo vilivyokomaa. Unachokikuta ni kisiki kilichokatwa kwa ajili ya kuni, kikatafunwa na mbuzi, kisha kikatoa machipukizi yanayokufikia kifuani. Machipukizi ya kisiki yana tabia zake: majani huwa makubwa kuliko kawaida, vijani vidogo vilivyo chini ya kikonyo hukawia kudondoka, na manyoya huonekana pale ambapo kwenye tawi lililokomaa pangekuwa laini. Kuinama nako hakusaidii, kwa kuwa chipukizi changa la mti unaoning'inia husimama wima kwa muda, na tawi refu la mti wa kienyeji lililoelemewa na majani huinama juu ya maji. Kwa hiyo mtu anabaki na jani mkononi: jembamba, lenye ncha, lenye meno madogo ukingoni na weupe upande wa chini. Maelezo hayo yanatosha mti wa kwetu, na kwa sehemu kubwa yanautosha wa China pia.

Udhaifu wa jani umeandikwa katika majina ya kisayansi yenyewe. Mkaratusi ambao umepandwa sana nyanda za juu, na ambao leo tunahimizwa kuuondoa mtoni, unaitwa Eucalyptus saligna, na neno saligna maana yake ni kwamba unafanana na mwerebi. Mti wa Faurea saligna una jina hilo hilo. Morella salicifolia, mti wa milimani, ni wenye majani kama ya mwerebi. Breonadia salicina, mti wa kingo za mito ya maeneo ya joto, ni vivyo hivyo. Miti hii minne ni ya familia nne tofauti, na ukoo wake na mwerebi uko mbali mno. Wataalamu waliotoa majina haya hawakukosea. Walikuwa wanaeleza walichokiona, jani refu jembamba, na jani la aina hiyo limejitokeza mara nyingi katika ulimwengu wa mimea kwa sababu linafaa, hasa pale ambapo maji yakijaa mto hulipiga na kulivuta. Sifa ambayo mimea isiyo na undugu inaweza kuipata kila mmoja kwa njia yake haiwezi kuwa ushahidi wa undugu.

Jina la mwerebi wa bustani lina mkasa wake. Linnaeus alipouita babylonica mwaka 1753, alikuwa na akilini Zaburi ya 137 na miti ya kando ya mito ya Babeli ambayo mateka walitundika vinubi vyao. Leo wengi wa waliolichunguza jambo hilo wanakubali kwamba mti wa Zaburi yaelekea ulikuwa Populus euphratica, ambao si mwerebi bali ni jamaa yake, na kwamba mwerebi unaoning'inia ulifika magharibi ya Asia ukitokea mbali zaidi mashariki. Kwa nini miti miwili tofauti ilichanganywa kwa urahisi hivyo? Sababu mojawapo ni jani. Populus euphratica ukiwa mchanga hutoa majani membamba marefu kabisa kama ya mwerebi, na matawi yaliyokomaa ya mti huo huo hutoa majani mapana yenye meno makubwa. Mti mmoja, aina mbili za majani, na msafiri aliyeukuta katika umri mmoja angeweza kuapa kwamba ni mwerebi. Mkenya ana sababu ya pekee ya kulijua hili, kwa kuwa jamaa wa karibu sana wa mti huo wa Babeli yuko nyumbani kwetu: Populus ilicifolia, unaoota kwenye misitu ya kingo za Mto Tana na mito michache ya upande huo wa nchi. Kati ya jenasi mbili za asili za familia ya mwerebi, Salix na Populus, sisi tunazo zote mbili.

Hata wataalamu waliokuwa na vielelezo mezani walihangaika. Mwerebi wa Afrika umeingia katika vitabu kwa majina mengi kuliko unavyostahili. Thunberg, aliyekusanya mimea kule Rasi ya Afrika Kusini, aliuandika kama Salix mucronata mwaka 1794. Willdenow aliuandika wa kaskazini kama Salix subserrata mwaka 1806. Uliwahi pia kuitwa safsaf, kwa kufuata jina lake la Kiarabu. Mwaka 1917, katika juzuu za mimea ya Afrika ya kitropiki, Skan aliuita wa huku kwetu Salix hutchinsii, kwa kumkumbuka Hutchins aliyesimamia misitu ya koloni hili mwanzoni mwa karne ya 20, na wakusanyaji wa Kenya walilitumia jina hilo kwa miongo kadhaa. Baadaye Salix hutchinsii lilikunjwa na kuwekwa ndani ya Salix subserrata. Kisha watafiti wa Afrika Kusini wakaenda mbali zaidi, wakaichukua subserrata kuwa nususpishi tu ya Salix mucronata. Mtu anaweza kulisoma hili kama uthibitisho kwamba wanasayansi hawajui wanachokisema. Mimi nalisoma vingine. Mipaka iliyovunjika ilikuwa ile iliyochorwa kwa kutegemea sana umbo la jani, upana wake na manyoya yake. Mpaka ambao haujavunjika hata mara moja ni ule unaotenganisha mierebi ya Afrika na ile ya kuletwa, na mpaka huo umechorwa ndani ya ua.

Twende basi kwenye ushahidi wenyewe. Kwanza, jicho. Chukua tawi lenye umri wa mwaka mmoja hivi, utafute mahali jani linapokutana na tawi, na utazame jicho lililojificha kwenye kwapa hiyo. Mimea mingi hulifunika jicho kwa magamba kadhaa yaliyopangana kama vigae, na hata Populus hufanya hivyo. Mwerebi una gamba moja tu, limelifunika jicho lote kama kofia. Lisukume kwa ukucha na utaona hakuna la pili chini yake. Kipimo hiki kinamalizika kwa dakika moja, hakingoji msimu, na kinaitoa nje mikaratusi, Morella, Breonadia na kila kinachojifanya mwerebi kwa jani. Lakini hakikuambii ni mwerebi upi. Kwa hilo lazima uje kwenye ua, na hapa lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara 10 inatosha. Maua ya mwerebi hayana petali. Yamepangwa kwenye shuke linaloota mwishoni mwa kitawi kifupi chenye majani, na kila mti una jinsia moja, ama mashuke yake yote ni ya kiume au yote ni ya kike. Chukua shuke la kiume ambalo bado halijatawanya chavua yote, ung'oe kigamba kimoja pamoja na kile kilicho kwapani mwake, ukiweke kwenye karatasi nyeusi au hata ukucha wa kidole gumba, na uhesabu stameni, yaani viuzi vinavyobeba chavua. Mwerebi wa bustani una mbili, na mwerebi mweupe wa Ulaya, ambao ndio mzazi wa pili wa machotara mengi yanayoning'inia, una mbili pia. Mwerebi wa Afrika hauna mbili. Stameni zake zinazidi hapo kwa mbali, zikiwa zimejaa pamoja kiasi kwamba shuke zima huonekana nene na lenye manyoya ya njano. Hakuna mvua, kivuli wala mbuzi anayeweza kuigeuza mbili kuwa sita. Mti wa kike nao una neno lake: tunda ni kijifuko kinachopasuka vipande viwili na kuachia mbegu zilizovikwa nyuzi nyeupe kama sufi. Katika mwerebi wa Afrika kijifuko hicho kimesimama juu ya kikonyo kinachoonekana wazi, ilhali katika mwerebi wa bustani kimekaa karibu kabisa na mhimili wa shuke, bila kikonyo cha kusema.

Pingamizi la kwanza ni la mtu wa kazi, na ni la haki: maua hayapo kila siku, na lori la kubeba miche haliwezi kusubiri. Ni kweli, lakini kinachotakiwa kusubiri ni mti mama na wala si lori. Kitalu hakihitaji kutambua kila kijiti. Kinahitaji kuutambua kwa uhakika mti mmoja mmoja wa kukatwa vijiti, kuutia alama ya bati yenye namba, na kuurudia hadi uchanue. Kazi hiyo hufanyika mara moja kwa kila mti, na faida yake hudumu miaka mingi. Tena mtu asikate tamaa akikuta tawi halina ua. Mashuke makavu hudondoka chini ya mti na kukwama kwenye majani makavu, vijifuko vilivyopasuka hubaki vimeng'ang'ania vikonyo vyao, na sufi hunata kwenye tope la ukingo. Aliyezoea kutazama chini kabla ya kutazama juu hupata jibu katika miezi ambayo mwenzake anasema hakuna kitu.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wa mashuke na vikonyo ni wa zamani, kwa kuwa vinasaba vitamaliza ubishi, au kwamba programu ya simu itautaja mti kwa sekunde mbili. Kuhusu vinasaba, mierebi ndiyo mfano unaotajwa duniani wa mahali ambapo njia ya mkato iligoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulieleza kushindwa huko kwa undani: vipande vya vinasaba ambavyo kwa mimea mingi hutumika kama alama ya spishi vilikuwa karibu sawa katika mierebi mingi tofauti, yaelekea kwa sababu spishi hizo zimepeana sehemu hiyo ya urithi kwa kuzaliana zenyewe kwa zenyewe. Uchunguzi mpana zaidi wa vinasaba unaweza kutenganisha, lakini huo ni wa maabara na fedha, na bado unahitaji kielelezo kilichotambuliwa kwa macho ili kiwe cha kulinganishia. Kuhusu simu, programu hujua ilicholishwa. Mierebi duniani inakaribia spishi 400, na nyingi mno ni za kaskazini, huko Ulaya, Asia na Marekani, ambako pia ndiko picha nyingi zimepigwa. Ukiionyesha picha ya jani jembamba lenye meno, itakupa mwerebi wa kaskazini kwa kujiamini kabisa. Haina kosa kubwa. Imeulizwa swali kupitia shahidi ambaye tumekwisha kumkataa.

Pingamizi zito kuliko yote linasema: mwerebi ni mwerebi, mizizi ni mizizi, ukingo ukishikwa umeshikwa. Nakubali sehemu yake. Mizizi ya mwerebi wa China inazuia udongo wa Sosiani usiende na maji, na mtu aliyekwisha kuupanda kwa nia njema hana sababu ya kuona aibu. Ila mtazamo kwamba mierebi yote ni mamoja umejaribiwa mahali pengine kwa gharama. Australia haina mwerebi wa asili. Mierebi iliyopelekwa huko kushikilia kingo za mito ilisambaa kwa vijiti vilivyovunjika na kwa mbegu, ikaziba mikondo, na hatimaye mierebi ikawekwa kwenye orodha ya magugu mabaya zaidi ya nchi hiyo. Cha kuzingatia ni kwamba orodha hiyo ilitoa ruhusa kwa michache, na mmoja wa walioruhusiwa ni huu huu unaoning'inia, Salix babylonica. Yaani nchi iliyoumizwa na mierebi haikuweza kutunga hata sheria dhidi yake bila kuitambua mmoja mmoja. Kwetu tofauti ni kubwa zaidi, maana mwerebi wa kienyeji tunao. Kila mita ya ukingo inayopewa mgeni kwa jina la mwenyeji inaandikwa kwenye ripoti kama urejeshaji wa uoto wa asili, ilhali uoto wa asili haujarudi. Miaka kumi baadaye, atakayehesabu miti ya kienyeji ya mto huo atahesabu kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana utambuzi haukamiliki hadi uweze kukaguliwa na mtu mwingine. Kielelezo kilichobanwa ndani ya gazeti kikakauka, chenye tawi, jicho na mashuke ya jinsia iliyopatikana, kinaweza kupelekwa kwenye hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mkusanyiko ulioanzia Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lebo yake itataja mto, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, na eneo kwa mpangilio wa ile kazi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Katika mpangilio huo Uasin Gishu imo ndani ya K3. Lebo nzuri hutaja pia jina ambalo wenyeji wanauita mti huo na wanachoutumia. Wako wanaosema kwamba mzee aliyekulia mtoni hahitaji lenzi, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu yeye hatambui kwa jani pekee: anajua mahali unapoota, gome linavyochunika, na kijiti kinavyoshika. Maarifa hayo yakiandikwa pamoja na kielelezo, yanaweza kumfikia mtu ambaye hajawahi kufika mtoni hapo.

Na lebo itaje jinsia. Hapa wapandaji wengi hupoteza kazi yao hata baada ya kupata mti sahihi. Mwenye ua wa kayaba, na Eldoret hawakosekani, anajua kwamba vichaka vingine huzaa yale matunda ya njano machachu na vingine havizai kamwe. Kayaba, uliotoka kusini mwa Afrika, siku hizi umewekwa katika familia moja na mwerebi, na kama mwerebi una miti ya kiume na ya kike. Tofauti ni kwamba kayaba kwa kawaida hupandwa kwa mbegu, hivyo jinsia huchanganyika zenyewe. Mwerebi hupandwa kwa vijiti, na kila kijiti ni nakala ya mti mama. Ukikata vijiti 300 kutoka mti mmoja wa kiume, umepanda mti mmoja mara 300, na ukingo wote hautatoa mbegu hata moja. Mbegu za mwerebi zenyewe huishi muda mfupi sana, siku chache hadi majuma machache, na lazima ziangukie tope tupu lenye unyevu, kwa hiyo mto unaojizalisha wenyewe unahitaji jinsia zote mbili kwa ukaribu. Yule aliyehesabu stameni kwenye ukucha wake amekwisha kujua kwamba mti huo ni wa kiume. Aandike hivyo kwenye bati, kisha apande na mto akiutafuta wa pili, ule wenye vijifuko juu ya vikonyo.